Bingwa wa Gizani

Jumamosi kwenye harusi, kwaya ilipoanza "Baba Yetu", mwanangu akanikodolea macho: "Baba, kumbe wimbo huu unaujua wote?" Naujua. Ila sikujifunzia kanisani, na pale mezani, shemeji zangu wote wakisikiliza, hapakuwa mahali pa kumweleza.

Ni 2006, mwaka wa ule mgao wa umeme, mabwawa yamekauka. Sinza, sebuleni kwa bibi. Binamu alileta kutoka Kariakoo sidii ya Civilization IV, gemu la kompyuta la kujenga himaya, linalochezwa kwa zamu kwenye ramani ya miraba, na likifunguka tu unapokelewa na wimbo wa Christopher Tin: Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Bibi akajua tunaangalia kwaya. Hatukuona sababu ya kumsahihisha. (Mwaka 2011 wimbo huohuo ukampa Tin tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki wa gemu. Bibi asingeshangaa.)

Kwenye gemu nilikuwa Mansa Musa wa Mali. Jirani yangu Montezuma wa Waazteki alikuwa ameshanimega nusu ya nchi, na vita nisingeiweza tena. Nilichobakiwa nacho ni utamaduni: miji mitatu ikifikisha pointi 50,000 kila mmoja, umeshinda bila kurusha mshale. Timbuktu tayari, Kumbi Saleh tayari. Djenne ulipungukiwa elfu tatu na ushee, na jeshi la Montezuma limeshapiga kambi nje.

Ndipo Timbuktu ukazaa Msanii Mkuu. Jina lake nimelisahau. Ukimfikisha mjini akatoa kazi yake, mji unapata pointi 4,000 papo hapo. Lakini hapigani, na akikutana na askari wa adui njiani, amekwisha. Barabara ya Djenne wapanda farasi walishaing'oa, kwa hiyo anatembea kwa miguu, miraba miwili kwa zamu.

Umeme ukakatika.

UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Feni imesimama, jasho linadondokea kiibodi. "Seivu, dogo, seivu!" Binamu huyo akakimbilia jikoni kutafuta kibiriti. Sikuseivu. Miraba miwili, maliza zamu, subiri kompyuta iwaze. Wapanda farasi wakatokea ubavuni mwa Msanii wangu, mraba wa pili tu. Nikaacha kupumua. Wakampita! Wakaenda kuchoma shamba. Mpaka leo sijui kwa nini hawakumgusa.

Miraba miwili tena, akaingia Djenne. Nikabonyeza. Namba ikaruka juu ya 50,000. Maliza zamu. UPS sasa inalia mfululizo, na tangazo la ushindi likafunguka skrini nzima. Niliruka, stuli ikaenda chini, nikapiga ukelele uliofika hadi kwa majirani.

Giza.

"Kwaya imeisha?" bibi akauliza kutoka chumbani.

Binamu alirudi na mshumaa, akakuta skrini nyeusi. Hakuona kitu. Umeme uliporudi usiku, faili lilikuwepo, maana gemu hujiseivu lenyewe kila baada ya zamu chache. "Fungua basi, nishindie mbele ya macho yangu," akasema. Nikagoma. Wale wapanda farasi safari hii wangegeuza shingo je?

Kompyuta ile ilishauzwa zamani, na faili lake. Binamu bado ananiita bingwa wa gizani, hata mbele ya mke wangu.