Gitaa Kabla ya Zege

Mimi ni fundi mwashi. Kwa miaka kumi na mmoja nimejenga kuta, nimepiga lipu na kumwaga zege upande wa Goba, Madale na Kinyerezi, na kwa miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa nikipiga gitaa. Watu wanaponiona nalo huitazama mikono yangu na kusema kwamba bila shaka nyuzi haziniumizi, kwa kuwa ngozi imekwisha kuwa gome la mwembe. Maneno hayo yana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ilinichukua muda mrefu kuielewa.

Sugu za ujenzi haziko mahali gitaa linapozitaka. Mpini wa beleshi na mikono ya toroli hukomaza kiganja na mashina ya vidole, ilhali gitaa linataka ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto, kila moja eneo lisilozidi punje ya hindi. Isitoshe, saruji ikishachanganywa na maji huwa na ukali wa magadi, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 12 na 13, nayo hula ngozi ya juu hasa inaposhinda na unyevu mchana kutwa. Sugu niliyoilea kwa wiki tatu imewahi kubanduka kama ganda la kitunguu baada ya siku mbili za kupiga lipu. Glavu za kitambaa hazisaidii, kwa sababu hunywa uji wa saruji na kuushikilia palepale kwenye ngozi. Zinazofaa ni za mpira, ingawa kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari mtu huzivaa kama anayetumikia adhabu. Jioni nanawa, nasuuza mikono kwa siki iliyozimuliwa ili kuua ukali wa saruji iliyobaki, kisha napaka mafuta ya nazi kiganjani na kuziacha ncha za mkono wa kushoto kavu.

Hata hivyo, ngozi si tatizo kubwa. Kubwa ni kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Misuli mikuu inayokunja vidole haiko vidoleni. Imelala huko kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama kamba za mwanasesere. Tofali la inchi sita lina uzito wa karibu kilo 30, na mfuko wa saruji una kilo 50. Anayebeba hivyo tangu asubuhi anaitumia misuli ileile ambayo usiku ataitaka ibonyeze uzi kwa upole na kuuachia kwa wakati. Kwa miaka mingi nilipiga gitaa jioni, kama desturi inavyotaka, baada ya kuoga na kula. Vidole vilikuja vimevimba, vikitetemeka, vikichelewa nusu pigo, na kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ile ambayo kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote sita, ilitoa sauti ya bati lililolegea (sizungumzii kodi ya pango). Nilijiona sina kipaji.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa jirani, aliyewahi kupiga ridhim, yaani gitaa la kusindikiza, bendini. Nilimwamkia, tukaongea, akanishika mkono na kuuminya. «Wewe unakaanga samaki kwa mafuta yaliyokwisha,» akasema. «Piga alfajiri, mwanangu, mkono ukiwa haujauzwa.»

Neno hilo la kuuzwa lilinikaa. Bendi ya NUTA Jazz, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake waliajiriwa kupiga muziki. Sisi wengine mkono tunaupeleka kwanza kwa mwenye kiwanja, na gitaa hupewa makombo. Basi nikageuza ratiba. Siku ya tatu mama mwenye nyumba aliniita uani.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba. Baba, saa kumi na moja ni ya adhana, si ya dansi.»

Nilimwomba radhi, na tangu hapo naanza baada ya swala, nikiwa nimechomeka kipande cha kanga kuukuu chini ya nyuzi, karibu na zinapofungwa, ili sauti ibaki chumbani mwangu. Nusu saa ya namna hiyo imenifundisha zaidi ya saa mbili za jioni.

Mwaka jana tofali liliniangukia kidole cha pete cha mkono wa kushoto tulipokuwa tukilishusha, ukucha ukawa mweusi na kwa wiki tano sikuweza kukitumia. Ndipo nilipomkumbuka Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, ambaye mwaka 1965, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono ambao hubonyeza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, na akatafuta nyuzi nyembamba zisizohitaji nguvu. Mimi sikuhitaji vifuniko, lakini hilo la nyuzi nililichukua. Nilikuwa nikiamini kwamba mkono wa fundi unastahili nyuzi nene; nikaenda Kariakoo kununua seti ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010 badala ya 0.012. Tofauti unaisikia kwenye kigasha kabla hujaisikia masikioni. Zinakatika upesi zaidi, ni kweli, na jasho pamoja na hewa ya bahari huzitia kutu hata ukizifuta kila siku, kwa hiyo fedha ya seti mpya naitenga pamoja na nauli ya daladala.

Kidole kimepona, ila ukucha umeota umejikunja na bado hukwaruza uzi wa pili ninapopanda juu ya shingo ya gitaa. Kesho tunamwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, huko Goba, kazi ya kutwa. Leo nimekwisha kulitundika gitaa ukutani, na sitalishusha hadi alfajiri ya keshokutwa.