Daftari la nkambo

Lubumbashi, Jumapili jioni

Leo tumefungua sanduku la nkambo, bibi yetu. Chini ya vitenge vyake tumekuta daftari la madeni, lile alilolibeba kila asubuhi kwenda soko la Kenya, komini ya hapa mjini, alikouza samaki wakavu kutoka Kasenga. Kurasa bado zinanuka moshi. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 15, akakaa nalo mkekani, akaniambia: "Mama mdogo, mimi nitafanya biashara kwanza. Nikishapata feza nitakuwa meya wa mji huu. Kama Moïse."

Moïse Katumbi hakuwa meya, nikamwambia. Alikuwa gavana wa Katanga nzima, kuanzia 2007 hadi 2015, mwaka ambao mkoa ulikatwa vipande vinne. Lakini nilimwelewa. Kwa watoto wa hapa, mfanyabiashara aliyekabidhiwa uongozi ana sura moja tu.

Nkambo alimhesabu kuwa mtu wa samaki mwenzake. Moïse alizaliwa Kashobwe, kwenye mto Luapula, mwaka 1964, na baba yake, Nissim Soriano, Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, alifanya biashara ya samaki huko. "Yule anajua mzigo unavyoozea njiani," nkambo alikuwa akisema, na kwake hiyo ilitosha. Barabara mbovu ilimla yeye mwenyewe, kikapu kwa kikapu.

Nami nilimwamini. Desemba 2010 Mazembe, timu yetu ya mpira, iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, ikaingia fainali ya klabu bingwa ya dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Inter ya Milan ikatufunga 3-0, na bado mtaani kwetu tulicheza usiku ule huku tukilia. Moïse alikuwa rais wa timu tangu 1997. Mwaka uliofuata komini ya Kamalondo ikapata uwanja wa klabu yenyewe. Ukiona mtu amejenga kitu kikasimama, moyo unamkabidhi na vingine bila kuuliza.

Kuna jambo la ugavana wake ninalolisifu hadi leo: aliziambia kampuni za migodi zilime mahindi. Ni wazo la mtu aliyewahi kuhesabu magunia. Sisi tunakula bukari, yaani ugali, kila siku, na unga wetu mwingi unapita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia wakizuia mahindi yao, mama mwenye watoto sita hapa Katuba analijua jambo hilo kabla ya redio kulisema.

Kinachonikosesha usingizi ni neno tulilokuwa tukilisema sokoni: huyu ana mali yake, hatagusa yetu. Nililisema kwa sauti, mara nyingi. Alikuwa na kampuni ya kazi za migodi, MCK, ndani ya mkoa wa migodi aliouongoza. Iliuzwa 2015, mwaka uleule alioacha ugavana. Simshtaki kwa lolote. Ninajishtaki mimi na wenzangu. Mfanyabiashara akishika uongozi, mfuko wake na mfuko wa watu hukaa jirani, na ilikuwa kazi yetu kutaka kuona hesabu za yote miwili. Hatukutaka. Tulimpenda kwa mkono wake mkunjufu, tukazoea kuungoja. Mei 2016 alipoondoka nchini, tuligundua kwamba tulikuwa tumesahau kudai. Aliporudi tarehe 20 Mei 2019 nilikwenda kumpokea barabarani, nikapiga vigelegele. Singependa kukana furaha ile.

"Na meya anachaguliwa na nani?" kijana akauliza. Nikamweleza kwamba gavana hupigiwa kura na wabunge wa mkoa, lakini meya tumezoea kusikia jina lake kwenye amri inayosomwa kutoka Kinshasa. Desemba 2023 nilipiga kura ya madiwani wa komini, mara ya kwanza maishani mwangu, nikadhani njia imeanza kufunguka.

"Sasa akikosea, nani anamuuliza?"

Nilinyamaza. Akarudi kwenye daftari. Baada ya muda akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Mama mdogo, huyu 'Mimi' ni nani?"

Nikasogea kuangalia. Katikati ya majina ya wadaiwa, kwa mwandiko wake mkubwa: *Mimi, samaki 2.* Chini zaidi: *Mimi, samaki 1, mgeni.* Nikakumbuka. Mtaji wa nkambo ulikuwa wa likelemba, yaani wa kuchangiana, wa wamama wanane. Kila samaki aliyemtoa kikapuni kwa ajili ya chakula chetu cha jioni alimwandika kama deni, na Jumamosi wenzake walikaa kwenye veranda yake wakisomewa daftari mstari kwa mstari, hata ule wake.

Tumehesabu. Kwenye ukurasa ule mmoja, "Mimi" yuko mara tisa. Minane imekatwa kwa kalamu. Mmoja haujakatwa, na kijana ananiuliza kama bado kuna mama wa likelemba aliye hai, tukamlipe.