Gari la kulala Kisumu, Desemba hadi Februari

Baridi ya Ulaya ikibana, wapo wanaokuja kukaa Kisumu kwenye gari la kulala, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani; huku ni joto. Nakuru nako kuzuri, ila usiku utatafuta blanketi.

Anza na stima. Hapa ni volti 240, hezi 50, soketi ya pini tatu bapa. Gari la Uingereza halina shida. La Marekani linataka transfoma ya kushusha hadi 120. Waya wa nje, unaoleta stima kutoka soketi ya kambi hadi garini, uwe wa milimita 2.5 za mraba, na uukunjue wote. Ukiuacha umezungushwa huku feni na birika vinafanya kazi, hupata moto hadi plastiki kuyeyuka.

Friji ya gesi inataka gari lisimame sawa. Likiinama, amonia haizunguki na friji haipoi. Watu hulaumu gesi bure. Weka pima maji sakafuni, kisha mbao chini ya gurudumu lililo chini.

Choo ndicho huwashinda wengi. Valvu ya tangi la choo ifungwe muda wote. Ukiiacha wazi, maji hutoka, kinyesi kinabaki na kuganda kama saruji. Subiri tangi lifike theluthi mbili, mwaga kwenye shimo la kambi, halafu fungua la maji ya sinki lisuuze bomba. Kwa joto la Kisumu, ongeza maji kidogo baada ya kumwaga.

Neti kitandani ni lazima, malaria ipo. Ukiwa Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria hapo Kisumu, usitembee ufukweni usiku: viboko hutoka kula nyasi.

Gesi nunua mtungi wa kilo 13 pamoja na regyuleta yake. Ya kutoka kwenu huenda isiingie.