Tembo la Utange Halimngojei Mnunuzi

Safari yenyewe kutoka Dodoma hadi Mombasa sina la kuisifu. Pale Horohoro mbadilisha fedha alinipunja mchana kweupe, na Kisauni nikalipishwa bei ya hoteli kwa chumba chenye feni mbovu. Kisha mwenyeji wangu akanipeleka Utange, kwa familia ya wagema wa tembo, pombe ya mnazi.

Nilimwamkia mzee mwenye shamba, akaitikia marahaba na kuninyooshea kidole juu. Mwanawe alikuwa akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama, kisu cha mgema, kiunoni, mpaka akapotelea kwenye makuti. Karara, ganda linalofunika maua ya mnazi, hugemwa kabla halijafunguka, tena hufungwa kamba lisipasuke. Akalichanja ncha, kikaanguka miguuni pangu kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Kazi hiyo ni ya asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Asipochanja, jeraha huziba na tembo hukatika.

Kibuyu alichoshuka nacho kilikuwa kinatoa povu.

“Hamira mnatia saa ngapi, mzee?”

“Hatutii kitu, mwanangu. Masimbi ya jana, yale mashapo ya kibuyuni, ndiyo yanayoliamsha la leo.”

Nilionja: tamu, na ukali kwa mbali. Kufika jioni huwa kali, na likilala sana hugeuka siki, ambayo mama wa nyumba ile haimwagi.

Nimesoma habari za wakulima wa zabibu wa Ulaya wanaofuata mihadhara ya kilimo ya mwanafalsafa Rudolf Steiner ya mwaka 1924. Hujaza samadi kwenye pembe ya ng'ombe na kuifukia majira yote ya baridi, hawapigi dawa za viwandani, na wengi wao huiachia divai ichachuke kwa hamira ya zabibu zenyewe. Divai yao huuzwa ghali. Huyu mzee hana pembe wala cheti, na kabla ya adhuhuri watu wa mangweni, kilabuni kwa tembo, walishamaliza vibuyu vyake.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Kwetu Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, halafu tunakaa kumngoja mwenye lori. Akichelewa, vichala vinaoza tukiviangalia, na bei anapanga yeye. Mgema wa Utange ana kinywaji kisichokaa hata siku mbili, lakini hampigii mtu magoti.

Mavuno ya Agosti nitaomba safu mbili za nyuma ya nyumba, nizikamue mwenyewe. Baba bado sijamwambia.