Baba, wewe huwa unaomba saa ngapi?

Jumanne usiku binti yangu aliniletea Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, nimsikilize. Yuko mwaka wa pili wa mafunzo ya kipaimara, na mwalimu wao anasisitiza kukariri. Tuliketi sebuleni, kitabu nimekishika mimi, yeye amefumba macho. Amri kumi na maana zake akazipita bila kukwama, Imani nayo sehemu zote tatu. Alipomaliza Baba Yetu nikamwambia safi sana, kalale. Hakuondoka. Akaniuliza, "Baba, wewe huwa unaomba saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba huwa naomba kimya kimya, moyoni. Ni kweli, kwa sehemu. Akasema "haya," akaenda kulala. Ana miaka 14. Tangu akiwa mdogo nimempeleka shule ya Jumapili, nimemnunulia Biblia, kanisani tunakaa benchi moja. Sauti yangu nikimwomba Mungu hajawahi kuisikia.

Mimi sauti ya bibi yangu naisikia mpaka leo. Nilikulia kwake Machame, mlimani Kilimanjaro, katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Jioni, ng'ombe akishakamuliwa na vyombo vimeoshwa, alituita jikoni, pale kwenye mafiga. Aliomba kwa Kimachame, polepole, akitutaja mmoja mmoja: aliye shule ya bweni, aliyehamia Arusha, mjomba aliyeshindwa na pombe. Mbuzi akilia katikati ya sala, bibi alinyamaza mpaka amalize, kisha akaendelea alipoishia.

Mwaka mmoja aligombana na jirani juu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Walirushiana maneno makali, hata sisi watoto tukakatazwa kupita upande ule. Siku ya tatu au ya nne, jioni, nikasikia jina la yule jirani ndani ya sala. Bibi alilitaja, halafu akakaa kimya muda mrefu, moto unalia tu. Asubuhi yake alikata jani la isale, akalishika mkononi, akashuka kwa jirani. Kwetu Uchagani kila mtu anajua: anayekuletea isale anakuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito. Miaka michache baadaye nilipofika darasa la kipaimara na kufundishwa maana ya "utusamehe makosa yetu", nilikuwa nimeshayaona maneno yale yakishuka kilima asubuhi, miguu imelowa umande.

Bibi naye imani alipewa nyumbani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Wajerumani wakaondolewa nchini, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Baba yake bibi alikuwa mmoja wa walimu hao, bado kijana. Bibi alitusimulia kwamba mchana baba yake alifundisha watu kusoma, akitakiwa kuzika alizika, na alipokuja kupata watoto wake, usiku aliwakusanya mbele ya moto. Nikiwaza Ukristo ulivyovuka miaka ile huko mlimani, siwazi jengo la kanisa. Nawaza moto ule, na mtu mzima anayeomba watoto wakimsikia.

Usiku ule wa Jumanne nilikifungua tena kitabu cha binti yangu. Luther alikitoa mwaka 1529, baada ya kuzungukia sharika na kusikitishwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya mwanzo ya imani yao. Na alikiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mimi nilikikariri utotoni, nikabarikiwa, na miaka yote hii nimekihesabu kuwa kitabu cha mchungaji na mwinjilisti. Mkuu wa nyumba ni mimi.

Kamati ya sherehe ya kipaimara ya binti yangu tumeshaiunda. Ukumbi, ndafu, kadi za michango. Sioni ubaya, mtoto akibarikiwa ukoo wote hufurahi, na mimi nataka afurahiwe. Lakini bei ya ukumbi nimeijua kabla sijajua kama mwanangu anampenda Mungu, au kama kwake Mungu ni somo jingine la mtihani. Hilo limeniuma.

Jumatano nikazima televisheni saa tatu, nikawaita yeye, mdogo wake na mama yao. Nilitaka kuanza kwa Kimachame kama bibi, nikakumbuka wanangu hawakijui. Nikaomba kwa Kiswahili. Sala ilikuwa fupi na ya kukwamakwama, mikono ikinitoka jasho kama mtu anayeomba kazi. Niliwataja wote niliowakumbuka. Tulipofumbua macho, yule mdogo akauliza, "Mbona baba mkubwa hujamtaja?"

Kaka yangu na mimi hatujazungumza tangu tulipomzika baba. Ni habari ya kihamba, kama ya bibi, ila sisi tumeiacha miaka minne. Watoto hatukuwahi kuwaambia. Kumbe wanajua.

Jana jioni nilimtaja. Nilitamka jina lake, nikakaa kimya, na nikaelewa kwa nini bibi alikaa kimya muda mrefu vile. Leo mchana nimempigia simu. Imeita mpaka ikakatika. Nitampigia tena jioni, kabla ya sala, watoto wakiwepo.