Tundu la Mkunga

Februari ile majaruba ya mpunga ya Duoyishu, yaliyopangwa mlimani kama ngazi wilayani Yuanyang katika mkoa wa Yunnan, China, yalikuwa yamejaa maji. Wapiga picha walisimika kamera zao tangu alfajiri wakingoja jua. Wakati huo nasoma Kunming, mji mkuu wa mkoa huo, nami nilitoka huko kwa basi kutwa nzima kufuata picha hiyohiyo. Ukungu ukagoma kabisa kuondoka, nikateremka ngazi za mawe kufuata mlio wa jembe.

Jaruba moja lilikuwa limepwa usiku. Mzee wa Kihani, kabila la wakulima wa huko, amevaa mabuti ya mpira, alikuwa akipapasa ukuta wa tuta kwa nje. Alipogusa mahali palipolegea akazamisha mkono hadi kiwiko: tundu la mkunga wa matope.

Mimi ningeliziba palepale maji yalipokuwa yakitokea, na ningekosea. Maji ya nyuma yanakisukuma kile kizibo, kinang'oka. Mzee alihamia ndani, akachimba kulifuata tundu lote hadi likaisha, kisha akajaza udongo wa mfinyanzi bonge baada ya bonge, kila bonge akilikanyaga kwa kisigino kabla ya kuweka jingine. Tope la majimaji alilitupa pembeni. Likikauka linanywea na kuacha ufa. Mwisho akapiga lipu kwa bapa la jembe. Mjukuu wake, aliyekuwa akinitafsiria kwa Kichina, alisema mkunga ana nafuu: wabaya ni kamba wekundu wa maji baridi, wageni pale, maana wao hutoboa tuta kila upande.

Nikauliza kwa nini wasiyakaushe tu, mpunga mwekundu si ulishavunwa tangu Oktoba? Nikajibiwa kuwa tuta la udongo likikauka linapasuka, na mvua za kwanza zikija linabomoka juu ya la chini yake, nalo juu ya jingine. Kuna miteremko yenye ngazi hadi 3,000. Kioo kile cha maji wanachokipiga picha watalii ni matengenezo ya kiangazi.

Kulijaza jaruba upya ndiko kulikochukua muda. Mferejini pamelazwa gogo la mti gumu lenye mapengo yaliyochongwa, kila pengo na upana wake kulingana na mashamba linayonywesha. La mzee lilikuwa vidole vinne. Hata uvujiwe vipi, hulipanui. Yupo mlinzi wa mfereji anayepita kukagua, na ujira wake ni mpunga wa wanaonywesha. Aliyekulia kwenye mifereji ya Uchaggani hahitaji kuelezwa zaidi.

Maji hayo hayatoki kwenye bwawa. Chini kabisa, kwenye joto la bonde la Mto Mwekundu wanakolima watu wa kabila la Wadai, yanapanda kama mvuke. Yanapita kwa Wayi na Wahani walio katikati, yanageuka matone kwenye msitu wa juu, karibu na Wamiao na Wayao wa China, kisha yanarudi kwa mifereji. Msitu ule haukatwi, na sehemu yake hutambikiwa kila mwaka. Nikatazama juu. Ukungu nilioulaani asubuhi nzima ulikuwa unadondoka matone kwenye majani, njiani kuelekea kwenye gogo.

Ulifunguka saa sita. Wapiga picha walikwishaondoka, na jaruba la mzee lilikuwa halijafika hata nusu.