Si ulikuwa unaniangalia?

Saa saba usiku. Taa nimeizima mara mbili na kuiwasha mara mbili. Afadhali niandike.

Ni ile Jumamosi. Mliosoma niliyoandika wiki iliyopita mnajua nilivyokuwa naihesabia siku: mashindano ya jimnastiki ya watoto wetu wa klabu, na kwa mara ya kwanza kundi la miaka 11 kuzunguka vifaa vyote sita kwa siku moja, kama wanavyofanya wanaume wakubwa kwenye Olimpiki. Sakafu, farasi (kile kifaa chenye vishikio viwili juu), pete, meza ya kuruka, pau sambamba, halafu pau ya juu. Chiriku mnamjua, mtoto wa dada, yule aliyeniuliza mwaka juzi kwa nini farasi hana kichwa.

Alianza vibaya. Farasi alimwangusha, na kuanguka ni alama nzima inakwenda. Kwenye pete mikono ikamtetemeka. Lakini akakazana, kifaa baada ya kifaa, mpaka akafika pau ya juu akiwa bado ana nafasi. Nilikuwa nimekaa kiti cha jaji mkuu wa kifaa hicho, kwa sababu klabu ndogo kama yetu haina majaji wa kupishana; ukianza kuwatoa wenye ndugu uwanjani, meza inabaki tupu. Akazunguka vizuri, akaachia, akapinduka nyuma, akatua. Akaganda. Miguu ilishika godoro kama imepigiliwa misumari. Miezi minane tumekuwa tukiutafuta mtuo ule mazoezini bila kuupata, na yeye kaupata siku ile, mbele ya watu, kwenye kifaa cha mwisho.

Kisha akakimbia kwa wenzake. Hakugeuka. Hakuinua mkono.

Nikaandika kato la 0.3.

Akamaliza wa nne. Wa tatu alimzidi kwa 0.2.

Nilimkuta baadaye kwenye benchi la nje, anafunga kamba za viatu. Nikamwambia hongera kwa mtuo. Hakuitikia hongera. Akaniuliza:

“Mamdogo, si ulikuwa unaniangalia?”

“Nilikuwa nakuangalia.”

“Basi uliona nimemaliza.”

Akarudi kwenye kamba zake. Hakununa wala hakupandisha sauti. Angelia ningejua la kufanya, maana watoto wanaolia nimewazoea, nina maneno yao. Kinachonikosesha usingizi ni ile “basi” yake. Kuna basi ya kukata tamaa na kuna basi ya kufunga mazungumzo. Hii ilikuwa ile ya tatu, ya mtu aliyejumlisha polepole akapata jibu, akakuonyesha.

Nimeshaijibu mara mia. Nikiwa naosha vyombo: “Niliona, lakini kanuni ni kanuni.” Nikiwa njiani kwenda kazini: “Mkono hauinuliwi kwa ajili ya kuniambia mimi, unainuliwa kwa heshima ya mchezo.” Kila jibu linasimama vizuri mpaka nilisikie kwa sauti yangu mwenyewe, nalo linaanguka.

Wiki hii dada amehamia nyumba yao waliyoijenga miaka sita, mwenzangu amepata barua ya kupandishwa cheo, kazini tumefunga hesabu za mwaka, na mimi kichwani nina benchi lile na kamba za viatu.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Kabla ya kuanza unasimama, unamwinulia mkono jaji mkuu wa kifaa, unasubiri ruhusa. Ukimaliza unamgeukia tena, unainua mkono tena. Wa kwanza ni nimekuja, wa pili ni nimemaliza. Ukiusahau mmojawapo, 0.3 inakatwa kwenye alama yako ya mwisho. Ni sawa na kutua ukapiga hatua kubwa, na ni mara tatu ya hatua ndogo, ambayo ni 0.1. Nimeifundisha miaka yote bila kuitilia shaka. Na ili watoto waishike, huwa nawahadithia habari ya Xiao Ruoteng.

Wenye kufuatilia mnaikumbuka. Tarehe 28 Julai 2021, Ariake, Tokyo, ile Olimpiki iliyosogezwa mwaka mzima kwa sababu ya korona, viti vya watazamaji vitupu. Fainali ya wanaume, vifaa vyote. Xiao wa China, bingwa wa dunia wa 2017, aliingia kwenye kifaa cha mwisho akiongoza. Hashimoto Daiki wa Japani, kijana wa miaka 19, alikuwa wa tatu. Hashimoto akapata 14.933 kwenye pau ya juu na kufikisha 88.465. Xiao akaishia 88.065. Nikita Nagornyy 88.031. Na ndani ya alama za Xiao mlikuwa na shimo la 0.3, kwa sababu baada ya kutua kwenye pau ya juu hakumsalimu jaji kwa mkono.

Kelele za siku zile nazikumbuka vizuri. Hashimoto alitukanwa mtandaoni kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu, mpaka Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki likachapisha makato yote ya mruko wake wa meza, ule wa 14.700, kuonyesha kwamba majaji hawakumpendelea. Ilinichoma sana, maana kijana yule alistahili kila nukta. Wengi hawakupiga hesabu. Mrudishie Xiao 0.3 yake, anapata 88.365, bado ni wa pili. Ila igeuze upande wa chini uone: alimzidi Nagornyy kwa 0.034 tu. Kosa dogo lolote juu ya lile, hata hatua moja ndogo, fedha ingekuwa shaba.

Hadithi hiyo huwa naimaliza kwa kuwaambia watoto: mnaona, hata bingwa wa dunia. Chiriku ameisikia labda mara kumi. Kwa hiyo kanuni aliijua. Hakuniuliza kanuni.

Jumanne usiku nikaitazama tena fainali ile. Safari hii sikumtazama Xiao. Nilikuwa namfikiria mtu wa upande wa pili wa meza, jaji. Ukumbi mtupu, mtu ametua mbele yako baada ya vifaa sita na miaka yote ya maisha yake, unasubiri uso wake ugeuke, haugeuki. Unaandika. Halafu unarudi hotelini, unavua koti, unafanya nini?

Na wale majaji wa Olimpiki ya Athens 2004? Hao nimewawaza zaidi. Paul Hamm wa Marekani alianguka kwenye meza ya kuruka, akaporomoka hadi nafasi ya 12, akapanda tena mpaka dhahabu kwa 57.823. Kim Dae-eun wa Korea Kusini alikuwa nyuma yake kwa 0.012, na Yang Tae-young, Mkorea mwenzake, akawa wa tatu kwa 57.774. Baadaye ikaonekana zoezi la Yang la pau sambamba lilikuwa limehesabiwa kuanzia 9.9 badala ya 10. Ile 0.1 ingemweka juu ya wote wawili. Majaji watatu wakasimamishwa, matokeo yakabaki, kwa sababu malalamiko hayakuletwa kwa wakati. Oktoba mwaka ule Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo nayo ikakataa kuyagusa. Shaba ya Yang ikabaki shaba. Hamm naye amebeba dhahabu ambayo watu wanaizungumzia kwa kusitasita mpaka leo, naye hakufanya lolote ila kunyanyuka baada ya kuanguka.

Hao walikosea hesabu. Mimi sikukosea hesabu. Hilo ndilo nililokuwa nimelishikilia tangu Jumamosi kama mtu aliyeshikilia risiti.

Sasa niseme lile ambalo hata dada sijamwambia.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, kifaa hichohicho, alipanda mtoto mwingine, mdogo, simjui wazazi wake. Akamaliza, akasimama kwenye godoro ameduwaa, mikono imening'inia. Nikamtazama machoni, nikainua mkono wangu mwenyewe kidogo, usawa wa bega. Akashtuka, akainua wake. Nikaandika alama zake bila kato. Sikuona ubaya wowote, na sasa hivi pia siuoni. Ni mtoto, yuko kwenye mashindano yake ya kwanza, unamkumbusha.

Chiriku sikumwinulia mkono. Ni kweli alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini ningeweza kumwita, jina tu. Sikumwita kwa sababu nilihisi macho. Wazazi walikuwa wamejaa ukingoni na wote wanajua yule ni mtoto wa nani. Katika ile sekunde moja sikuwa nawaza kanuni wala heshima ya mchezo. Nilikuwa nawaza watakavyosema mama mdogo kambeba. Nikaandika 0.3 haraka, na nitaisema kweli yote: niliiandika kwa ahueni. Niliifurahia haki yangu.

Mtoto wa watu nilimpa mkono. Wa kwangu nilimtoza.

Nimeandika sentensi hizo mbili, nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi.

Jana Alhamisi mazoezini nilimwomba abaki wenzake walipokwenda kubadilisha nguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakanitoka machache. Nikamwambia asubuhi ile kulikuwa na mtoto aliyesahau, nami nikamkumbusha. Wewe sikukukumbusha. Niliogopa watu. Hilo lilikuwa kosa langu, si lako, na matokeo siwezi kuyabadilisha kwa sababu yamekwisha kutangazwa, lakini nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Akanitazama. Nilitegemea aseme sawa, au asiseme kitu, au aniulize yule mtoto alikuwa nani. Akasema:

“Lakini miguu uliiona?”

“Niliiona.”

“Ilisogea?”

“Haikusogea hata kidogo.”

“Hata kisigino?”

“Hata kisigino.”

Uso wote ukafunguka. Akaanza kunieleza, na mnajua akianza: namna alivyojua akiwa bado hewani, jinsi pau ilivyomrusha kwa wakati wake, alivyoliona godoro mapema kuliko siku zote, alivyotua akasikia kimya kwenye magoti. Kimya kwenye magoti, ndivyo alivyosema. Kwamba alisubiri ile hatua ya nyuma inayomjia kila siku, akaisubiri, haikuja, na hapo akasahau kila kitu duniani. Alitaka tu kumwambia mtu. Akasimama akanionyesha palepale, kwenye sakafu tupu, magoti yamekunjwa, mikono mbele, ameganda, anahema kwa pua.

Nimefundisha hadithi ya Xiao miaka mitatu nikiiita hadithi ya kusahau. Sijawahi kuwaambia watoto kwamba mtu anaweza kusahau kwa sababu amejaa. Sisemi kato lile lilikuwa baya. Kwenye Olimpiki jaji hawezi kumpungia mmoja na kumwacha mwingine, na ndiyo maana kanuni ipo. Lakini hadithi ile sitaimalizia tena pale nilipokuwa naimalizia. Nitawaambia pia kuhusu mtuo.

Kisha Chiriku akainua mkono. Taratibu, umenyooka mpaka vidole, macho kwangu, kama niliyekuwa bado nimekaa kwenye kile kiti. Nami nikainua wangu. Mlinzi alikuwa anazima taa za upande wa pete, akatushangaa.

Tukiwa njiani kumrudisha kwao alizungumza bila kupumua, kuhusu pau ya juu, kuhusu chumba chake kipya, kuhusu Oka Shinnosuke aliyechukua dhahabu ya vifaa vyote Paris 2024 akimzidi Zhang Boheng kwa 0.233, kwamba naye Oka aliwahi kuumia goti vibaya akarudi, kwa hiyo mtu asikate tamaa na farasi. Nikasema ndiyo. Nikasema farasi tutamshughulikia kuanzia Jumatatu, na nina mpango. Nina mpango kweli, nitauandika hapa wiki ijayo.

Nilidhani leo ningelala.

Baba hajapokea simu tangu jana mchana. Nimempigia mara nne. Inaita mpaka inakata, kwa hiyo chaji anayo. Huwa anaisahau kwenye kiti cha nje akienda kupumzika, lakini jioni huiona, na akiona nimepiga hunipigia hata kama ni usiku, kuniuliza tu kama kuna shida. Dada anasema nisianze kuwaza mabaya, mzee yuko salama. Nimemuuliza yeye amezungumza naye lini. Akafikiri kidogo, akasema Jumatano. Au Jumanne.